Nani Aliyechimba Chambo?



Katika matayarisho ya kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, kamati ilikaa vikao vitatu. Cha kwanza na cha pili vilikwenda salama. Cha tatu nusura kivunjike, na chanzo chenyewe kilikuwa ni mnyoo.

Mambo yalikuwa hivi. Katibu alikuwa anatusomea rasimu ya historia ya kikundi, akafika mahali palipoandikwa kwamba hisa za mwanzo zilitokana na biashara ndogondogo za wanachama. Bibi yetu mmoja, katika wale kumi na wawili wa mwanzo, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwanangu, biashara ndogondogo ndiyo nini? Mimi hisa yangu ya kwanza niliilipa kwa daa. Andika daa." Mmoja wa vijana wetu akacheka kidogo, akasema, "Lakini bibi, siku ya sherehe watakuja wageni, tena wengine wa maofisini. Wasome kwamba sisi ni wachimba minyoo?" Basi hapo kikao kikachafuka.

Tulipotulia, tuliona kwamba yule kijana hakukosa adabu. Alisema kwa sauti jambo ambalo wengi wetu tumelibeba moyoni siku zote. Kazi hii imetulishia watoto, imetununulia madaftari ya shule, imejaza sanduku letu la akiba lilipokuwa tupu. Mbona basi tunaionea haya? Tukakubaliana kwamba daa aandikwe, tena si kwa mstari mmoja. Aandikiwe insha yake. Ndiyo hii.

DAA NA KAZI YAKE

Wasomaji wetu wa bara huenda hawamjui. Daa ni mnyoo wa pwani. Huyu wetu anakaa kwenye tope na mchanga karibu na mikoko. Ni mrefu, ana viguu vidogo vidogo ubavuni toka kichwani mpaka mkiani, na ukimvuta kwa pupa anakatika. Mvuvi wa mshipi anampenda kuliko dagaa na kuliko nyama ya kaa, maana changu na mkundaji wakimnusa hawajivungi.

Wataalamu nao walimjua zamani. Mwaka 1854 Mjerumani mmoja, Wilhelm Peters, aliyekuwa amefanya safari ya utafiti katika Msumbiji, aliandika habari za mnyoo wa pwani hizi na kumpa jina la nchi ile. Leo wanasayansi wanamwita Marphysa mossambica, na huko Kenya wavuvi wa Mida na Gazi humtumia kwa chambo. Kwa hiyo daa ana jina la kitaalamu na miaka zaidi ya mia na sabini katika vitabu. Anayemchimba ndiye asiyeandikwa.

Kazi yenyewe inafuata maji. Siku za maji mafu huna la kufanya, pwani haikauki vya kutosha. Bamvua likifika, unaamka gizani, unashuka na jembe la mpini mfupi, kopo na kitambaa. Unatazama vitundu kwenye tope. Unachimba kando ya tundu, sio juu yake, unalipasua tope taratibu kwa vidole mpaka umwone. Hapo unamfuata, humvuti. Wengine wetu tulifundishwa na mama zetu kwa kupigwa vibao vya mikono: ukikata daa, umekata shilingi. Maji yakianza kurudi unatoka, mgongo umekufa ganzi, vidole vimechanika kwa magamba ya chaza. Daa unawaweka kwenye kopo pamoja na tope lao kidogo, unawafunika na kitambaa kibichi wasije wakafa kwa jua.

Kipimo chetu kilikuwa kopo la maziwa. Kopo moja la mume au la mtoto wa nyumbani, hilo halina bei. Kopo la pili la mvuvi wa jirani, hilo lina bei. Ni hilo kopo la pili lililoanzisha kikundi hiki. Wale kumi na wawili walikubaliana kwamba kila bamvua, fedha ya kopo moja isiguswe nyumbani, iletwe chini ya mwembe. Kabla ya hapo tulikuwa na upatu, na upatu ni mzuri, lakini upatu ukishakula zamu yako umekwisha. Sisi tulitaka fedha inayokaa na kuzaa.

WENZETU WA MBALI

Tulipokuwa tunabishana, mwalimu mmoja ambaye ni mfadhili wetu wa siku nyingi alitusikia. Akatuambia, "Nyinyi mnadhani kazi hii ni yenu peke yenu? Ngojeni niwaletee habari." Akatuletea habari za wanawake wa pwani ya kaskazini mwa Uingereza na za Uskoti, za zama za bibi zao na mabibi wa bibi zao. Tulizisikiliza jioni tatu. Tunazileta hapa kwa ufupi, maana zilitusaidia kujiona.

Katika karne ya 19, vijiji vya wavuvi vya pwani ile viliishi kwa mshipi mrefu. Si mshipi wa ndoana moja au mbili. Mshipi mmoja ulikuwa na ndoana zaidi ya elfu moja, na kila ndoana ilitaka chambo kila safari. Hebu fanya hesabu mwenyewe. Mume akienda baharini mara nne kwa juma, ndoana zaidi ya elfu nne zinatakiwa zivalishwe chambo, moja baada ya moja, kwa mkono. Nani alifanya? Mke, mabinti, mama mkwe na watoto wadogo.

Chambo chao kilikuwa cha namna nyingi. Walitumia kome, ambao iliwabidi kuwabandua magamba kwanza. Walitumia konokono wa mwambani, wale wenye gamba kama kofia. Tena walitumia mnyoo wa mchangani. Daa wao si huyu wetu. Anaishi ndani ya tundu lililopinda, anameza mchanga, anakula kilichomo, kisha anautoa mchanga juu umejiviringa kama tambi. Ukiona tambi ile ufukweni unajua yuko chini. Wanawake walishuka naye maji yakipwa, wakati wa baridi, kwenye upepo wa bahari ile ambayo haina mchezo, wakachimba.

Huko Yorkshire, katika vijiji vya Flamborough na Filey, wanawake waliokusanya wale konokono walisifika kwa ujasiri. Pwani yao ina majabali marefu yanayosimama wima. Njia ya kushuka haikuwapo. Walishuka kwa kamba. Bwana mmoja wa London, Arthur Munby, aliyekuwa na desturi ya kuandika habari za wanawake wafanyao kazi ngumu, alifika huko katika miaka ya 1860 akawaona kwa macho yake wakiteremka na kupanda jabali kwa kamba na vikapu, akayaandika katika shajara yake. Sisi tulisikiliza tukanyamaza. Bibi yetu yule wa daa akasema, "Kumbe sisi tuna nafuu. Sisi tope tu."

Chambo kikishapatikana, kazi ndiyo kwanza imeanza. Mwanamke aliketi na mshipi miguuni, akavalisha ndoana, akaupanga mshipi ndani ya kikapu kwa mikunjo, na kati ya mkunjo na mkunjo akatandika majani ili ndoana zisishikane. Akikosea, mshipi unajifunga baharini, na mume anarudi bure au anajeruhiwa. Mahali pengine huko Uskoti, wanawake waliwabeba waume zao mgongoni hadi kwenye mashua, ili waanze safari na miguu mikavu. Halafu samaki wakija, ni wanawake hao hao waliowabeba kwenye vikapu na kwenda kuwachuuza. Wanawake wa Cullercoats walijulikana sana kwa hilo. Walichimba chambo, wakavalisha ndoana, wakauza samaki. Mwanamume alivua, haya. Lakini kabla ya kuvua na baada ya kuvua, nani alikuwapo?

Watu wa huko wenyewe walikuwa na msemo kwamba mtu hawezi kuwa mvuvi kama hana mke. Wengine wanauchukua kuwa ni msemo wa mapenzi. Sisi tunaona ni msemo wa hesabu.

DAFTARI LIKAKAA KIMYA

Sasa sikilizeni lililotuuma zaidi. Katika sensa za Uingereza za zama hizo, mwanamume wa kijiji kile aliandikwa: mvuvi. Mkewe, mara nyingi sehemu yake ya kazi iliachwa wazi, au aliandikwa tu kuwa ni mke wa mvuvi. Ndoana elfu moja kila safari, na daftari la serikali halikuona kitu.

Wachoraji waliwaona. Mmarekani Winslow Homer alikaa Cullercoats mwaka 1881 na 1882, akawachora wanawake wale na vikapu vyao na nyavu zao, na picha zake zinathaminiwa mpaka leo. Bahari nayo iliwaona. Tarehe 14 Oktoba 1881, dhoruba ilizipiga mashua za pwani ya mashariki ya Uskoti, wakafa wavuvi 189. Mji wa Eyemouth peke yake ulipoteza watu 129 siku ile moja. Tulipofika hapo mwalimu aliacha kusoma kidogo, kwa kuwa katika kikao walikuwamo wanachama wawili ambao bahari iliwachukulia waume zao. Mmoja wao ndiye aliyesema, "Siku hiyo, hao wanawake walikuwa wamevalisha ndoana zile kwa mikono yao." Ni kweli. Na kesho yake hapakuwa na mshipi wa kuvalisha, wala mshahara wa kazi ile, kwa sababu tangu mwanzo haikuwa imeandikwa kwamba ni kazi.

Mashine ndiyo iliyoanza kuimaliza kazi hiyo. Mwaka 1877 huko North Shields, mtu mmoja aitwaye William Purdy alichukua boti ya moshi ya kuvutia meli, akaifunga wavu wa kukokota. Wenzake wakamwiga. Wavu wa kukokota hautaki chambo, unasomba tu. Uvuvi wa mishipi ukapungua miaka kwa miaka, na katika karne ya 20 ile kazi ya wanawake ikaisha kijiji kwa kijiji. Wengine walishukuru, maana ilikuwa kazi ya kuvunja mifupa. Lakini tazameni: kazi isiyoandikwa ikiisha, haiachi hata pengo kwenye karatasi. Hakuna aliyepunguzwa kazi, hakuna aliyelipwa kiinua mgongo. Inaondoka kama maji.

UFUKWE NI WA NANI?

Mnyoo mwenyewe hakuisha soko. Waliokuja kumtaka sasa ni watu wavuao kwa burudani. Uingereza wako wengi mno, na wanataka chambo kibichi. Wachimbaji wakageuka, badala ya wake wa wavuvi wakaja wanaume wenye majembe, wakichimba kwa kuuza.

Mwaka 1984 katika ghuba ya Budle, karibu na kisiwa cha Lindisfarne, waliingia wachimbaji wengi kwa pamoja, na kwa majuma machache wakachimba mpaka mnyoo akawa haonekani. Eneo likafungwa. Baadaye wataalamu wakaona kwamba minyoo imerudi, tena haraka kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu jirani palikuwa na sehemu ambazo hazikuguswa, na vijana wao wakahamia pale. Funzo ni rahisi: ukichimba kote, umejifungia mlango. Ukiacha sehemu ipumzike, ile sehemu ndiyo sanduku lako la akiba. Sisi wa kikundi hiki hatuhitaji kufundishwa mara mbili maana ya akiba.

Jambo jingine ni mashimo. Ukichimba ukaacha shimo na kichuguu chake, tope lile hufunika kombe walio chini, wakafa. Ukirudisha mchanga, pwani inapona upesi.

Hata mahakama iliingia. Mwaka 1993, katika kesi iliyotokana na uchimbaji wa Boulmer, mahakama ya Uingereza ilieleza kwamba haki ya umma ya kuvua baharini inabeba pia haki ya kuchimba minyoo ya chambo kwa ajili ya uvuvi wako mwenyewe. Lakini kuchimba kwa ajili ya kuuza hakumo katika haki hiyo. Hapa kikao chetu kiligawanyika tena. Wengine walisema hukumu ile ni ya haki, inamlinda mwenye ndoana. Wengine wakasema, alaa, kwa hiyo kopo la kwanza ni halali na kopo la pili, lile lililojaza sanduku letu, halina mwenyewe? Sheria ile ni ya huko, haituhusu sisi. Lakini swali linatuhusu, na tungependa tulijibu wenyewe kabla hajaja mtu kutujibia.

Kijana wetu yule aliyeona haya aliuliza: ulimwenguni mnyoo huyu ana thamani gani? Mwalimu akatuonyesha. Watafiti wa Uingereza walikadiria mwaka 2017 kwamba minyoo ya bahari inayochimbwa kwa chambo duniani inafika tani 121,000 kwa mwaka, na thamani yake inakaribia pauni bilioni 6. Tena minyoo hiyo ni miongoni mwa viumbe wa baharini wanaouzwa kwa bei ya juu kabisa kwa kilo. Huko Northumberland wapo waliomfuga tangu miaka ya 1980, wakitumia maji ya uvuguvugu yatokayo kwenye kituo cha umeme. Na Ufaransa, mtaalamu mmoja, Franck Zal, amegundua kwamba damu ya yule mnyoo wa mchangani inabeba oksijeni kwa wingi kupita ya binadamu, na dawa iliyotokana nayo, iliyopata kibali cha Ulaya mwaka 2022, inasaidia kuhifadhi figo kabla ya kupandikizwa kwa mgonjwa. Yule kijana alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi andikeni." Tukacheka wote, na yeye akacheka.

TURUDI NYUMBANI

Tusije tukaishia Uingereza. Jambo lililotufanya tushike kalamu liko hapa kijijini.

Wote mnajua habari za mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani unahesabiwa. Kila mwaka utasikia tani ngapi zimesafirishwa. Kwa nini? Kwa sababu mwani unapita bandarini, na bandarini kuna mizani. Daa hapiti bandarini. Anatoka kwenye tope, anaingia kwenye kopo, anapanda mashua, anaingia tumboni mwa changu, na changu akiletwa mnadani anaitwa samaki wa fulani, mwanamume. Mizani inapima samaki. Aliyemvuta samaki yule mpaka kwenye ndoana hapimwi.

Tuna mwenzetu ambaye hatutamtaja. Kwa miaka tisa alimchimbia mumewe chambo, kila bamvua, hata mimba ikiwa na miezi saba. Mume alinunua mashua, halafu ya pili. Ndoa ilipovunjika, wakaulizwa kila mmoja alete ushahidi wa alichochuma. Mume alikuwa na karatasi za mashua. Mwenzetu hakuwa na kitu. Aliambiwa, "Wewe ulikuwa mama wa nyumbani." Karatasi pekee yenye jina lake ilikuwa kitabu cha hisa cha kikundi hiki, kilichoonyesha fedha ya makopo yale ya pili. Makopo ya kwanza, yaliyonunua mashua mbili, hayakuwa na hata mstari.

Hatusemi kwamba waume zetu ni waovu. Wengi wao wamekuwa nyuma yetu tangu siku ya kwanza, na wamo katika picha za kijitabu hiki wakibeba viti. Tunasema kwamba kisichoandikwa huliwa. Hata sisi wenyewe tulipojaza fomu ya mkopo katika ofisi moja, palipotakiwa kazi ya mwombaji tuliandika "mama wa nyumbani", kwa mikono yetu. Karani hakutulazimisha. Tulijifuta wenyewe, kama sensa za zamani zilivyowafuta wenzetu wa Yorkshire.

Tena lipo la pwani yenyewe. Miaka hii mitatu wameanza kuja vijana kutoka mjini na machepeu. Wanachimba usiku kwa kurunzi, wanajaza ndoo, wanaondoka, wanaacha mashimo. Mahali ambapo mtu alikuwa akipata kopo mbili kwa bamvua moja, sasa anapata nusu kopo. Tumelipeleka jambo hili kwa kamati ya ufukwe mara mbili. Mara zote mbili tumeulizwa swali moja: "Nyinyi mna takwimu gani?" Hatukuwa nazo. Tulikuwa na migongo tu.

TULIYOKUBALIANA

Kwa hiyo kikao kile kilichotaka kuvunjika kilitoa maazimio manne, na mkutano mkuu umeyapitisha. Tunayaandika hapa ili yasikanwe.

Kwanza, daftari la kikundi limeongezwa sehemu mpya. Kila mwanachama anayechimba ataandika idadi ya makopo kila bamvua, la nyumbani na la kuuza, yote mawili. La nyumbani litaandikwa pamoja na bei ambayo lingeuzwa. Hatumdai mtu. Tunahesabu tu.

Pili, atakayechimba atarudisha tope shimoni kabla ya kuondoka. Mtoto akifuatana na mama yake, hiyo ndiyo iwe kazi yake ya kwanza kufundishwa.

Tatu, tumeigawa pwani yetu sehemu tatu, na kila sehemu itapumzika kwa zamu. Tunajua kwamba wa machepeu hawatatusikiliza kwa leo. Lakini tukienda kwa kamati mara ya tatu, tutakwenda na daftari la makopo la mwaka mzima, na tutaweza kuonyesha sehemu iliyopumzika imetoa nini na iliyovamiwa imetoa nini. Hapo tutaona watauliza swali gani jingine.

Nne, katika fomu yoyote, palipoandikwa "kazi", mwanachama anayechimba chambo aandike: mchimba chambo. Bibi yetu ameahidi kwamba yeye atakuwa wa kwanza, ingawa amesema mwandikieni nyinyi, yeye ataweka dole gumba.

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Wao walikuwa wanasema habari za vyombo, na mafundi waliokaa juani na tezo. Sisi tunaomba msemo huo usogee kidogo uwape nafasi wachimbaji. Siku ya sherehe mtakaribishwa wali na samaki. Kuleni mshibe, mmekaribishwa kwa moyo mweupe. Samaki wale wamevuliwa kwa mshipi, na chambo chake kilichimbwa alfajiri ya bamvua lililopita na wanachama saba wa kikundi hiki, makopo kumi na moja. Tumeyaandika kwenye daftari, ukurasa wa kwanza.